Nukta Haimwonyeshi Mtu

Camaret, 27 Aprili

Mdogo wangu Tugdual,

"Nukta ndiyo iliyomwokoa baba, na nukta ndiyo itakayomlinda Bleuenn." Hayo ni maneno yako. Uliyatamka Jumapili ya Pasaka, siagi imekuganda kidevuni, na meza nzima ikaitikia kama tuko kanisani. Nimeyabeba wiki nzima. Leo nakurudishia, kwa sababu hayana ukweli hata chembe, na ushahidi ninao mimi, wewe huna.

Lakini kwanza salamu, maana mama alitufunza adabu hata kama kwangu hazikushika sawasawa. Hamjambo huko La Rochelle? Mgongo wako unaendeleaje, au bado unainama kama bawaba yenye kutu? Wifi yangu Soizic mzima? Bleuenn anakula vizuri, au anashinda ndani ya mashua akitafuna biskuti? Sisi huku tu wazima. Baba jana alipanda ngazi kuzibua mfereji wa paa. Nilipompigia kelele akaniambia kwamba miaka sabini na saba si ugonjwa, na kama nataka kumsaidia nishike ngazi nifunge mdomo. Nilishika ngazi. Mimi mwenyewe nimegombana tena na mwenyekiti wa chama cha mashua, safari hii gazetini, kwa hiyo unaona kwamba afya yangu ni njema.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nakujua: nikifika hoja ya pili unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Tena naomba usiisome peke yako.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya wiki tano mwanao Bleuenn, miaka ishirini na miwili, ataondoka peke yake kwenda visiwa vya Azori kwa mashua ya mita tisa. Siku kumi, labda kumi na mbili, bila mtu wa kumwambia shika hapa. Sina ugomvi na safari hiyo. Wanaosema msichana asiende peke yake nimeshawajibu, na baadhi yao hawanisalimii mpaka leo. Ugomvi wangu ni kuhusu vifaa. Umemnunulia kifaa cha kufuatilia safari, kile cha bei mbaya, kinachotuma mahali alipo kila baada ya dakika kumi, ile nukta tunayoiona kwenye ramani, na kupokea ujumbe, na baada ya hapo ukafunga orodha. Ulisema mengine ni uzito na woga.

Soizic alijaribu kukuuliza. Unakumbuka? Aliuliza kwa sauti ya chini, huku akigawa chapati za galeti, kama mtoto asivae na yeye kidude chake cha kuitia msaada mwilini, kama kile alichomnunulia baba siku ya kuzaliwa. Ukamjibu, "Mke wangu, wewe ni mtu wa milimani, bahari tuachie sisi." Baba akaongeza kwamba kwao meli kubwa kuliko zote ni beseni la kufulia. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, Tugdual, na kicheko hicho ndicho kilichoninyima raha tangu siku ile.

Sasa nisikilize. Kifaa chako kimefungwa wapi? Kwenye reli ya nyuma, umeniambia mwenyewe, kwa skrubu nne. Basi kinachotangazwa kila dakika kumi ni mahali ilipo reli ya nyuma. Bleuenn akiwa ameshika usukani, reli na mtu viko pamoja, na nukta inasema kweli. Bleuenn akiwa majini, usukani wa kujiendesha hauna habari. Unaendelea kuishika njia kwa uaminifu wa mbwa, tanga limejaa, na sisi huku nyumbani tunaangalia nukta inavyotembea, tunaambiana lo, leo amepata upepo mzuri. Kifaa kile ni dawa ya wasiwasi wetu sisi. Sikatai dawa. Acha kiwepo, tutakitazama wote. Ila usimpe mgonjwa mmoja dawa aliyoandikiwa mwingine.

Bleuenn naye aliniambia, nilipomsindikiza garini, kwamba nisiwe na shaka, bahari ikichafuka huwa anajifunga kamba. Nikamuuliza je, isipochafuka? Akacheka, akasema, "Shangazi, nikijifunga siku za jua si nitaonekana mbuzi wa kamba!" Huo ni ugonjwa wa kwetu, hakuutoa kwa mama yake. Ni baba huyu huyu aliyetufundisha kwamba baharia wa kweli ana mkono mmoja wa mashua na mmoja wake mwenyewe, na kamba ni ya watalii. Nimesoma taarifa za ajali zaidi ya sitini tangu baba aanguke majini. Katika hizo nilizosoma, wengi hawakuanguka kwenye dhoruba. Walianguka siku nzuri, upepo wa kupendeza, mmoja akimwaga kahawa iliyopoa, mwingine akikojoa na huku anapiga mluzi. Dhoruba huwakuta watu wamejifunga. Siku nzuri huwakuta hawajajifunga.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kubaki ndani ya mashua. Nataka kamba mbili nene zilazwe sitahani kutoka tezi hadi omo, katikati, si pembeni, na mkanda wake uwe na kamba fupi. Fupi, Tugdual! Ile ndefu uliyonionyesha itamwacha avuke reli, kisha mashua imburute ubavuni kama samaki hadi apasuke mapafu. Anayeuza kamba ndefu atakwambia inampa mtu uhuru. Sitaki mwanao awe huru kiasi hicho.

Halafu kuna kile kifaa kidogo cha kuvaa shingoni, ambacho kikienda mbali na mashua usukani wa kujiendesha unajizima na mashua inageukia upepo. Ulikiita mchezo wa watoto. Mchezo huo ungeisimamisha mashua ya baba hatua chache tu kutoka alipokuwa. Na kifaa cha kuitangaza mashua yake kwa meli kubwa kiwake usiku na mchana. Najua vijana wa mashindano huzima chao ili wenzao wasijue wamepita wapi. Bleuenn hashindani na mtu. Anayejificha baharini asilalamike akikanyagwa.

Nimefika kwenye kidude cha kuitia msaada, kile cha kushona kwenye jaketi, na hapa siwezi kuendelea kubishana bila kukwambia jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka mitatu.

Unaijua hadithi ya baba kama kila mtu hapa Camaret anavyoijua. Mwezi wa nane, anarudi peke yake kutoka Ireland, siku ya tatu, saa nane mchana, maili sitini kutoka nyumbani. Kamba ilinasa mbele, akafungua mkanda ili apite mlingotini, mashua ikayumba, akaenda. Jaketi la kuelea likajaa hewa. Mimi nilikuwa nyumbani naangalia nukta. Kituo cha uokoaji kikanipigia simu, nikawaonyesha njia yake, helikopta ikamkuta. Ndivyo nilivyosimulia, ndivyo gazeti lilivyoandika, ndivyo ulivyoinua glasi ya pombe ya tufaha na kusema dada yako ana macho ya mwewe. Na mimi, ambaye huandika kurasa mbili mtu akikosea tarehe ya vita, niliinua glasi yangu pia.

Haikuwa hivyo. Nilikuwa jikoni, kompyuta mezani, naandika makala ya kumshambulia mtu ambaye hata jina lake nimelisahau. Pembeni ya makala nilikuwa nimefungua ramani. Simu ikalia. Mwanamume mmoja, sauti tulivu, akasema anatoka kituo cha uokoaji, kwamba kidude kilichoandikishwa kwa jina la Goulven Kermorvan kimeanza kuita, na jina langu ndilo la kwanza kwenye fomu. Je, najua alipo baba yangu?

Nikamwambia ninamwona hivi sasa. Nikamsomea: maili sita kwa saa, anaelekea nyumbani, mstari umenyooka kama uzi wa mwashi. Nikamweleza kwamba kidude chenyewe ni zawadi ya mkwe wake wa milimani, bila shaka wimbi limekigonga, au mzee amebonyeza akitafuta redio. Nilimwambia wasijisumbue kutuma mtu. Nilicheka, Tugdual. Nilicheka kwenye simu na baba yetu alikuwa anakunywa maji ya chumvi.

Yule mtu hakucheka. Akaniuliza, "Mama, hicho unachokiona ni mashua, au ni yeye?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia nimezaliwa katika nyumba ya mabaharia, babu alikuwa nahodha, na mashua inayokwenda vile ina mtu kwenye usukani, mwenye macho anaona. Mtu asiyeijua bahari angepiga yowe pale pale na kuwaambia nendeni, nendeni! Mimi naijua, kwa hiyo nilikuwa na hakika. Akaningoja nimalize. Kisha akasema kwamba helikopta imesharuka dakika nne zilizopita, hakupiga simu kuomba ruhusa yangu. Kidude, alisema, kimesimama mahali pamoja, na mashua ninayoiona inazidi kukiacha nyuma. Alichotaka kwangu ni kimoja tu: jaketi la baba lina rangi gani?

Sikujua. Nilikuwa na jibu la kila kitu isipokuwa swali nililoulizwa. Nyekundu? Bluu? Nimemfulia mzee yule nguo tangu mama afariki, na sikujua. Nikamwambia nadhani ni bluu. Lilikuwa la njano.

Walimtoa majini baada ya dakika sabini. Nukta ilitembea hadi jioni. Niliitazama yote, sikuweza kuzima. Wavuvi walipoipata mashua kesho yake ilikuwa inakwenda vizuri kabisa, haina hata mkwaruzo, kikombe cha baba bado kimesimama mahali pake. Yule mtu wa kituo angenisikiliza mimi, mwanamke mwenye macho ya mwewe, tungezika jeneza tupu. Aliyemwokoa baba ni Soizic, kwa zawadi tuliyoicheka wakati inafunguliwa, tukaicheka tena Pasaka.

Kwa nini nilinyamaza? Nikisema aibu nitakuwa nimejipendelea. Baba alinikumbatia hospitalini akasema asante binti yangu, na sijawahi maishani mwangu kusikia neno hilo kutoka kwake. Nilishindwa kumrudishia. Baadaye uongo ulizoea nyumba, kama paka. Lakini sasa umetoka nyumbani, umefika La Rochelle, na unamchagulia mwanao vifaa. Hapo ndipo nilipoona siwezi tena.

Asubuhi ya leo nimemwambia mwenyewe, kabla ya kushika kalamu. Alikuwa anakata mkate. Hakuacha kukata. Mkate ulipoisha wote akasema miaka mingi amekuwa akiwaambia watu kwamba mimi hujibu kabla ya kuulizwa, na hakuna aliyemwamini. Halafu akasema, "Mwandikie mdogo wako leo hii, kabla hujapata hoja ya kujitetea." Kisha akauliza jina la yule mtu wa kituo. Simjui, sikumuuliza. Hilo nalo limemuuma kuliko yote, nimeona. Amekwenda bandarini bila kofia.

Basi pokeeni salamu. Baba anawasalimu, anasema tanga la mbele likaguliwe mishono kabla ya mwezi wa sita. Jirani Madame Le Goaziou anasalimu pia, na mbwa wake, ambaye amezeeka ila bado ananichukia. Nami nawasalimu mmoja mmoja, kwa mapenzi, na msamaha wenu sitauomba katika barua, nitakuja kuuomba kwa miguu yangu.

Lakini haya siyaombi, nayadai. Wewe Tugdual, soma barua hii kwa sauti, mezani, mbele ya mkeo na mwanao, usiruke aya. Wewe Bleuenn, jifunge kamba hata jua likiwaka, na kidude ukivae mwilini mwako, si kabatini, si begini, toka gati la kwanza hadi la mwisho. Na wewe wifi yangu Soizic, kakichague wewe, wiki hii, na siku ya kukiandikisha ishike fomu kwa mkono wako. Wataulizia jina la mtu wa kupigiwa simu. Andika la kwako. Usiandike la mumeo, na langu lisionekane popote. Siku simu hiyo ikilia, nataka ipokelewe na mtu anayeogopa.

Dada yenu,
Azenor