Kengele ya Kamenu

Jumatatu, 24 Machi 1958
Nimesaga tena vali za lile gari bovu la shamba kabla ya kazi. Injini inawaka vizuri. Linakosa gurudumu moja tu, la nyuma kushoto. Upande huo gari limekalia mawe. Miaka kumi kuku wa shamba wametaga kwenye viti vyake. Meneja alisema likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe kabla ya Pasaka ni langu. Lisipotoka, Jumamosi ya kuamkia Pasaka adhuhuri analifukia shimoni. Akacheka. Eti fundi ni wa kutengeneza gari, si wa kuwa nalo. Miaka kumi na mmoja natengeneza ya wengine hapa Ruiru. Hili nitaliendesha mimi.

Jumamosi, 29 Machi
Baiskeli hadi Thika. Maduka yote ya spea. Rimu za aina hii hazijaletwa tangu vita vya dunia. Mwenye duka la mwisho amenishauri ninunue punda. Nimemwambia huyo punda namwachia yeye.

Kurudi nimepita Kamenu. Kanisani kuna rimu imening'inizwa mtini. Ndiyo kengele yao, huigonga kwa chuma kila Jumapili. Nikashuka. Matundu matano ya boliti, kama ya gari. Ni yenyewe!

Jumanne, 1 Aprili
Nimefanya upuuzi. Nilienda baada ya kazi kuipima kwa kamba. Spana ikaniponyoka, ikaigonga. Mlio ukajaa Kamenu nzima. Hali ya hatari bado haijaondolewa. Kengele ikilia siku isiyo ya ibada, watu hujua kuna jambo. Akina mama wakaja mbio na majembe, wanaume na mapanga. Wakanikuta mimi, Mluhya, na kamba mkononi.

Niliogopa sana. Sikukimbia. Mzee Njuguna, mzee wa kanisa, alinihoji mbele ya wote. Nikamweleza gari, meneja, shimo, kila kitu.

"Rimu nitakupatia," akasema. "Lakini Pasaka bila kengele, hapana. Leta ingine, na isikike mpaka mtoni."

Jumatano, 2 Aprili
Nimepeleka rimu ya lori. Sauti ya sufuria. Akina mama wamecheka mpaka wakaketi chini. Wacheke tu.

Ijumaa Kuu, 4 Aprili
Jana nilifika Gatuanyaga, nikamtengenezea mkulima plau yake, akanipa sahani kuukuu ya plau, lile duara la chuma la kulimia. Leo baada ya ibada tumeitundika. Mzee akatuma wanawake mtoni, wakisikia wapunge leso. Nikagonga. Leso zote juu.

Lakini Cucu Wambui, bikizee aliye mama yake Mzee Njuguna, alikuwa amekaa hatua chache tu na hakugeuza kichwa. Masikio yake sasa hushika mlio mzito tu, kama wa rimu. Mzee akaweka mkono juu ya rimu yake tena, kama anayeghairi kunipa.

"Mama atajuaje ni Jumapili?"

"Nitakuwa namfuata nyumbani kwa gari, mzee. Kila Jumapili."

"Gari gani? Si haina gurudumu?"

"Ndiyo unipe gurudumu."

Akanitazama. Akafungua waya mwenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili
Tangu alfajiri nanyoosha ukingo wa rimu kwa nyundo. Imepigwa miaka mingi, maskini. Nimeivisha tairi kuukuu la karakana, na boliti zote tano zimeingia.

Adhuhuri meneja akaja, saa mkononi, na watu wawili wenye sepeto. Sepeto! Nikazungusha hendeli ya kuwashia injini. Kimya. Tena. Kimya. Akatazama saa. Mara ya tatu ikawaka, kuku wakatawanyika. Nikapita getini bila kumwangalia. Nje nikazima, nikarudi kwa miguu na karatasi ya gari, nikaiweka mbele yake atie sahihi. Ametia. Nimefurahi mpaka kifua kinauma.

Jumapili ya Pasaka, 6 Aprili
Manyunyu tangu asubuhi. Nimemkuta Cucu mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, ameshajitayarisha. Hajawahi kupanda gari. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili njia nzima.

Tulipofika sahani ilikuwa inalia. Yeye hakuisikia. Aliposhuka nikamwonyesha gurudumu la nyuma kushoto. Akainama, akaipapasa rimu polepole, mle ilimobonyea. Akaigonga kwa fimbo yake. Kwa kuwa imevaa tairi, haikulia.

Akauliza kama imechoka.

Nikamwambia sikioni, kwa sauti nzito, bado. Nikamshika mkono, tukaingia.