Milima ya Ng'ambo na Kahawa Yetu

Baba Stella,

Tangu tukuzike, mvua imekuja na kupita, na kahawa imeiva tena. Nimekaa kwenye ukingo wa tangi lako la kuoshea kahawa, maana nyumbani yupo mdogo wako Kasiani na leo sitaki kuongea naye.

Mambo yamegeuka huku. Chama chetu cha ushirika kimebaki jina na kufuli mlangoni. Siku hizi wanunuzi binafsi wanaleta magari mpaka uani, hawachambui, hawaulizi. Kahawa iliyooshwa na ile iliyokaushwa na maganda yake, zote wanazimimina gunia moja. Wenzetu wengi wameshaacha kuosha. Kasiani anasema najitesa bure, na jana aliniambia mbele ya watoto, "Shemeji, uzuri usioonwa na mtu haupo." Nikakukasirikia wewe, kwa sababu ubishi huo ulikuwa wako kabla haujawa wake.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Lipingo kujitambulisha? Watu walikuwa wanachoma mashamba, moshi umetanda, ziwa jeupe mpaka macho yanapoishia. Baba yangu akakuambia kwamba ng'ambo kuna milima ya Malawi. Wewe Mmatengo, uliyezoea kuamka na kilima mbele ya pua, ukacheka, ukambishia mzee wa watu kwamba mlima haujifichi. Mama alinivuta jikoni akaniuliza huyu mwanamume nimemtoa wapi. Usiku huo ikanyesha mvua ya kwanza, ikafuta moshi wote. Asubuhi nilikukuta ufukweni, mswaki mdomoni, unaitazama milima yote ng'ambo pamoja na mabonde yake. Ukasema taratibu, "Kumbe jana nilipokuwa nabisha, ilikuwepo."

Basi hukuiacha tena milima hiyo. Kila msimu nikichoka kuosha nikataka tufanye juujuu, ulinikumbusha Lipingo. Ulisema uzuri wa punje ni hivyohivyo, haungoji mtu auone.

Nataka kukuamini, mume wangu. Lakini milima ile ilirudi. Wewe mvua imekunyeshea msimu mzima, na upande wako wa kitanda bado nikipapasa nagusa ukuta. Inaniuma, na sina wa kumwambia.

Leo asubuhi nilishuka hapa peke yangu. Nilikuwa nimeshaamua kuitoa kahawa niliyoimenya na kuilowesha humu, hivyohivyo na ute wake wa utelezi, ikaukie itakapokaukia, Kasiani afurahi. Nikatia mkono kwanza, mazoea tu, nikazifikicha punje ulivyonifundisha, kuona kama utelezi umeachia. Utelezi ulikuwa umekwisha. Zilikwaruza kama changarawe. Hakuna aliyekuwa akiniangalia. Nimelia hapohapo, mikono majini, maana miaka yote nilidhani zinafika pale kwa sababu wewe upo, na leo zimekwaruza vilevile bila wewe.

Kisha nimeziosha, maji matatu, mpaka yakawa meupe. Ziko kichanjani sasa, zinakauka. Kasiani akirudia maneno yake nitamwambia atie mkono mwenyewe.

Pumzika, Baba Stella. Nitaziosha kila msimu, mnunuzi aone asione. Na Jumapili nikitoka misa nitapita kaburini nikusalimu kwa sauti, kama nilivyokusalimu kila siku, ingawa sitamwona wa kuitika.

Mkeo,
Mama Stella