Uzi wa Nne

Nyumbani,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya Mama.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya jambo lolote nakusalimu, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Hujambo? Shemeji naye hajambo? Kile kifua kilichokuwa kinamsumbua kimetulia, au bado anakohoa na kusema ni vumbi? Na bibi harusi wetu anakula, au ndiyo ameanza kujinyima ili gauni limkae? Mwambie mama yake mkubwa amesema ale. Gauni hupunguzwa na kuongezwa, fundi yupo kwa kazi hiyo.

Sisi huku hatujambo. Nikisema sisi nina maana ya mimi na yule paka wa Mama, ambaye ananidharau kama zamani. Mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini, narudi. Ukiniuliza moyo ukoje, sisikii kitu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Uliponipigia mara ya mwisho uliniambia nazungumza kama mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji. Sikukasirika, kwa sababu ni kweli. Tangu tumzike Mama, miezi miwili sasa na siku zake, sauti yangu imekuwa hivyo na sijui pa kuitafuta ile nyingine. Kwenye karatasi angalau hutaisikia.

Kazini ni yale yale. Bado niko chumba cha kukunjia, mashuka ya hoteli mbili na taulo za zahanati. Shuka linatoka kwenye mashine ya pasi likiwa moto, mwenzangu anashika pembe mbili nami mbili, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Zamani nilikuwa napiga soga mpaka msimamizi ananikoholea. Sasa nakunja tu, na mwezi huu amenisifu mbele ya wenzangu kwamba hakuna anayenifikia. Nikamwambia mwenzangu, kumbe mtu akifiwa na mama yake anakuwa mfanyakazi bora. Alicheka, halafu akaangalia pembeni.

Siku ya mazishi sikulia. Hilo najua umeshaambiwa na wenye midomo yao. Nilikuwa nagawa vikombe vya chai na kuhesabu viti, na Mjomba akanifuata jikoni akaniambia nikae chini nimlilie mama yangu. Nikakaa. Hakuna kilichokuja, nikasimama nikaendelea na vikombe. Wewe hukuweza kufika ukalia huko ulikokuwa mpaka ukashindwa kuongea. Mimi niliyekuwepo sikutoa hata chozi la kusingizia. Sikulaumu kwa kutokuja, nawe usinilaumu kwa hilo.

Sasa nije kwenye mkufu, maana ndio uliofanya nichukue kalamu.

Umekwisha. Umo kwenye hilo kopo la biskuti, umeviringishwa kwenye kitambaa cheupe. Muuguzi wa nyumba ya pili anasafiri Ijumaa kuja huko kwenu, atakuletea mkononi pamoja na barua hii. Nyuzi ni saba kama Mama alivyomwahidi mjukuu wake. Uliponiambia harusi imekaribia, na kama haiwezekani mtanunua wa dukani, nilikujibu nitaumaliza, nikakata simu. Uliniona nina kiburi. Ukweli ni kwamba sikuwa na lingine la kufanya na mikono yangu baada ya saa kumi.

Lakini uzi wa nne una habari yake, na hiyo lazima uijue wewe kabla bibi harusi hajauvaa.

Unakumbuka Mama alivyokuwa anafanya. Sinia lenye kipande cha blanketi ndani ili shanga zisikimbie, sindano nyembamba kama unywele, na shingo yangu. Wewe ulikuwa na macho ya kuchagua rangi, mimi nilikuwa na shingo. Alikuwa akinikalisha kwenye kigoda mgongo wangu ukimwelekea, anazungusha uzi wenye shanga, anaweka vidole viwili chini ya mahali ulipoishia ule uliotangulia, anasema tulia kama nilikuwa nimetikisika hata kama sikutikisika. Kila uzi unaushinda wa juu yake kwa vidole viwili. Unapimwa peke yake, unawekwa kando, na siku ya mwisho ndipo zote zinaingizwa kwenye kishikizo kimoja. Futi alikuwa nayo lakini haitumii. Futi haina mabega, ndivyo alivyosema.

Na mwanao ana shingo yangu. Hilo ukoo mzima unalijua. Alipokuja mara ya mwisho Mama alitukalisha pamoja akatupima kwa uzi mmoja, akacheka akasema amepata kazi nusu bei, wateja wawili shingo moja. Kwa hiyo mkufu wa bibi harusi ulikuwa unapimwa kwangu, jioni nikitoka kazini.

Uzi wa kwanza nilikaa. Wa pili nilikaa. Wa tatu nilikaa nikasinzia, akanigonga kisogoni kwa kidole.

Siku ya wa nne nilirudi miguu imevimba. Mashine ilikuwa imeharibika, tulikuwa tumekunja mashuka mabichi na kuyatandaza upya siku nzima. Mama aliniita kutoka humu chumbani. Nikamwambia, "Kesho, Mama."

Unamjua Mama na neno hilo. Mteja akimwambia kesho, alikuwa anamjibu pale pale kwamba leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Mimi siku ile hakunijibu hivyo. Alisema, "Haya," basi.

Nikaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Baadaye nilipita mlangoni nikamwona amesimama mbele ya kioo cha kabati, ushanga uko shingoni mwake mwenyewe, mikono yote miwili kisogoni. Nikamtania, nikamuuliza bibi harusi ni yeye. Akacheka, akaniambia hata yeye aliwahi kuwa na shingo. Nikaenda zangu kulala. Kesho yake uzi wa nne ulikuwa umekwisha, umewekwa kando na wenzake, na sikuuliza umepimwa vipi. Wiki ile ile aliacha kushika sindano. Mengine unayajua.

Mimi nimetunga wa tano, wa sita na wa saba. Mama hakuwahi kunifundisha, lakini ukiwa shingo kwa miaka thelathini unajua kazi inavyokwenda. Nilikaa kwenye kigoda kile kile mbele ya kioo cha kabati, nikajipima mwenyewe, mikono nyuma mpaka mabega yanawaka moto. Kila siku ya kazi nilikunja mashuka, na kila jioni nilitunga shanga mpaka mwanga wa dirishani ulipokwisha. Sikuona raha wala uchungu. Nilihesabu kumi kumi tu.

Jumapili iliyopita nikaziingiza zote kwenye kishikizo, nikauvaa. Mkufu ukagoma. Nyuzi zinatakiwa zishuke ngazi kwa ngazi, lakini mmoja ulikuwa umejipenyeza kati ya wa pili na wa tatu, unausukuma huu na kuupanda ule, na chini yake pameachwa mwanya mpana kama jino lililong'oka. Nikajua ni mimi, zangu za chini ndizo zilizouvuruga. Nani mwingine? Nikafumua zangu zote tatu, nikazitunga upya, Jumatatu mpaka Jumatano. Nikauvaa, ukagoma. Nikafumua tena, nikatunga tena. Haikunijia hata mara moja kuupima wa Mama. Mama na kukosea ni vitu ambavyo sijawahi kuviona chumba kimoja.

Jana asubuhi akaja Fundi. Huyu ni yule jirani wa cherehani, aliyekuwa anakaa na Mama hapa wakisengenya mitaa mitatu kwa pamoja. Amekuwa akija kila Jumamosi kuangalia kama nimekula, ananiletea mkate na ushauri. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kwamba nipake gundi. Ungekuwepo ungecheka. Nilipokataa alivua futi yake shingoni, akanyoosha uzi mmoja mmoja juu ya meza, akapima kama anavyopima mikono ya mashati. Wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu sawa. Alipofika wa nne akapima mara mbili.

"Huu umepungua vidole vitatu," alisema.

Nikamwambia haiwezekani, huo ni wa Mama. Akaukunja uzi kiganjani, akaurudisha mezani taratibu.

"Ndivyo nilivyompunguzia kwenye kola," alisema. "Nguo nne. Vidole vitatu vitatu. Alinikataza nisikwambie, alisema wewe una kazi, utakosa usingizi."

Ndipo nilipokiona kile kioo, na mikono yake miwili kisogoni.

Mama hakukosea, mdogo wangu. Aliupima uzi wa nne sawasawa, vidole viwili chini ya mahali pa wa tatu kama siku zote, ila aliupima kwenye shingo yake kwa sababu yangu ilikuwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Na shingo yake ilikuwa imekwisha. Mimi ndiye niliyempikia uji. Mimi ndiye niliyempa dawa kwa saa, nikamfunga kitambaa kichwani, nikamfunga hata vifungo vya zile kola. Nilimwona kila siku na sikuona. Mazikoni walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wangejua alivyonificha mimi, ndani ya nguo zinazomkaa vizuri.

Fundi aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Alipoondoka nikakaa kwenye kigoda, mgongo ukielekea kiti chake, nikakaa muda mrefu sana bila kutikisika. Nilichelewa, lakini nilikaa. Sikulia. Nakuandikia ulivyo ukweli, sitaki nikudanganye kwamba nililia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kanuni ya Mama unaijua: uzi hauungwi. Ukipungua unafumuliwa wote, shanga zinarudi kwenye sinia, unaanza upya. Nilifungua mkasi. Niliuweka pale, uzi uko katikati ya makali, na vidole vyangu havikufunga. Vidole hivi vinavyokunja mashuka mia tatu kwa siku bila kuuliza vilikataa. Shanga za uzi ule alizipanga yeye, moja baada ya nyingine, akiwa anajua alichokuwa anakijua, na mimi nafumua nini?

Nimeuunga. Zinapoishia shanga zake nimepiga lile fundo lake la kurudia mara tatu. Kuanzia hapo nimeongeza vidole vitatu vya shanga zangu, nilizozitoa kwenye bangili aliyonitengenezea nilipoanza kazi. Hazifanani. Uzi wa nne ni mwekundu na zangu ni za buluu, lakini zinakaa nyuma, nywele zitazifunika. Nimeuvaa mkufu wote leo asubuhi na nyuzi zimeshuka ngazi kwa ngazi, saba, kila mmoja mahali pake.

Kama hutaki bibi harusi avae uzi wenye kiungo, nitakuelewa. Utoe, nyuzi sita bado ni mkufu. Ila huo usiutupe, urudishe kwa Muuguzi.

Siku ya kumvalisha usimfunge akiwa amesimama na watu wanapita pita. Mkalishe kwenye kigoda, kaa nyuma yake, mwambie atulie. Akikwambia subiri kidogo, usisubiri.

Nisalimie Shemeji, mwambie vumbi halikohozi mtu miezi mitatu, aende akapimwe, na umvue shati uangalie mwenyewe. Nisalimie mama mkwe wako na ile redio yake. Fundi anawasalimu, anasema gauni likileta matata limfuate yeye. Paka hana salamu. Mungu aibariki nyumba hiyo mpya inayoanza, awape watoto hawa maneno laini na miguu isiyovimba, na wewe akurudishe huku salama siku moja, nikuone kwa macho yangu, na safari hii nitaangalia vizuri.

Na bibi harusi mwambie acheze taratibu. Uzi wenye kiungo unaweza kukatika, Mama hakuwa mwongo. Lakini ukikatika utakatikia nyuma, kwangu, na zitakazomwagika ni zile za buluu, msihangaike kuziokota. Za Mama nimezifungia fundo huku na huku. Hizo haziendi popote.

Wako akupendaye, hata sauti ikiwa haisemi hivyo,

Dada yako.