Ukufi wa Mama Juu ya Kibaba

Bel-Air, Lubumbashi
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Baada ya salamu hiyo ya Mungu, ipokee na yangu mimi, ambayo imechelewa kama ilivyo ada yangu. Goti la kushoto linasemaje? Na kile kifua? Unapata usingizi, au bado unaamka alfajiri kuwagombeza kuku wa jirani? Dada Asha ameniambia kwamba tangu baridi ya mwaka huu mkono wako wa kulia unatetemeka ukishika kikombe, na kwamba ulimkataza asinifikishie habari hiyo. Usimkaripie. Mimi ndiye niliyembana mpaka akasema.

Sisi huku wazima. Mke wangu Zaina anakupa mkono. Mjukuu wako Mwajuma, wajina wako, ameota upya meno mawili ya mbele na sasa hakuna mtu anayepata nafasi ya kusema nyumbani. Mimi bado ni yuleyule wa kuchomelea vyuma. Natengeneza milango, madirisha, na matrela ya malori yanayofika kutoka mpakani Kasumbalesa yakiwa yamechanika mbavu. Umeme ukikatika tunakaa tukitazamana, ukirudi tunakimbilia kazi hata sahani hatujamaliza.

Sasa mama, najua hutaki kunisikia. Mara ya mwisho nilipopiga simu ulisema "Nimekusikia," ukampa Asha. Neno moja tu, kwa mtoto aliye nchi ya watu! Niliumia, sikufichi. Lakini nikijua ulichoambiwa, nasema ulinihurumia kutonitukana. Yule mfanyabiashara aliyerudi Ujiji kutoka huku alisimama barazani kwetu akasema mbele za watu kwamba kibaba cha babu kimepimwa msikitini Lubumbashi na kimeonekana ni kibaba cha mwizi. Ndiyo maana nimeandika. Simu inakatwa, lakini barua, hata ukiitupa, Asha ataiokota. Binamu yetu Shabani anaondoka kesho na lori lake, naye ndiye atakayekuletea.

Kibaba hicho unakijua kuliko mimi, ila Asha atawasomea na watoto, basi wacha nieleze. Ni kile cha shaba cha dukani kwa babu, ambacho vinne vyake ndivyo pishi moja. Uliponipa wakati nahamia huku, ulinishika bega ukasema, "Rajabu, hiki hakijawahi kumpunja mtu." Nami nilikitumia kwa heshima. Miaka mitatu nimekuwa mpimaji wa zaka ya fitri hapa msikitini kwetu. Watu wanaleta mchele wao, napima pishi moja kwa kila kichwa, tunawagawia wasio na kitu kabla ya sala ya Idi. Nilivimba kichwa, mama. Mtu akiniuliza kipimo gani hiki, nilikuwa najibu, "Cha babu yangu," kama vile babu alikuwa sultani.

Mwaka huu pakazuka mjadala. Mwalimu Saleh, anayefundisha hesabu shuleni na asiyevumilia hata saa ya ukutani ikichelewa, alitaka tuache vibaba na makopo, tuhamie kilo. Imamu akaitisha kikao uani baada ya sala ya Ijumaa, na wanawake wakaja kwa wingi, kwa sababu kati yao wamo wauzaji wa unga na mchele sokoni. Huko sokoni, mama, hawauzi kwa mizani. Wanauza kwa kopo wanaloliita meka, na kila kopo lina kilima chake juu.

Aliyesimama kuitetea meka ni Mama Salima. Ni mtu mdogo wa umbo, mkono wake kama wa msichana, lakini sauti yake ingetosha minara miwili.

"Mwalimu, minakuheshimu," alianza. "Lakini meka moya ya bunga na meka moya ya muchele, kilo yake haiko moya. Mutume alisema pishi. Alisema balance, ile mizani ya kilo?"

"Alisema haki," Mwalimu akajibu. "Na meka yako, Maman, iko ya namna gani? Moya inabonyea huku, ingine inabonyea kule. Kilo iko kilo. Ni hapa, ni Mokambo, ni Maka."

"Na muntu akikuya na njaa yake, minamuongezea mukono. Balance itamuongezea nini?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa upande wa Mama Salima, unajua. Nikainuka na kiburi changu nikasema: kama tatizo ni makopo yaliyobonyea, kipimo cha haki tunacho. Kileteni hicho cha babu, kiwekwe kwenye mizani, tumalize maneno. Hakuna aliyenilazimisha, mama. Mdomo wangu wenyewe ndio uliokipeleka kibaba mahakamani.

Mizani tuliazima kwa jirani, Papa Ilunga, mzee mstaafu, Mkatoliki, ambaye baba yake alifanya kazi ya reli. Anauza samaki wakavu, na mizani yake inanukia hivyo. Akaja nayo mwenyewe, akaifuta kwa shati lake kwa adabu, akakaa pembeni kutazama. Imamu alishasema kwamba pishi moja ya mchele tuihesabu kilo mbili na nusu. Nikajaza kibaba, nikapitisha rula juu yake, kikawa cha mfuto. Mara nne. Mwalimu akainama akasoma.

"Kilo mbili na gramu mia tatu."

Nikasema turudie. Tukarudia. Mia tatu zilezile. Nikasikia mtu nyuma akisema polepole, "Kumbe miaka yote tatu!" Nilitamani nchi inimeze. Watu walikuwa wananiangalia mimi, lakini nilichokiona mbele yangu ni babu na kofia yake na duka lake, na wewe umenishika bega.

Nikakigeuza kibaba, sijui kwa nini, labda mikono ilitaka kazi. Hapo ndipo nikaona, mama, kwa jicho la kazi yangu, kitu ambacho sikukiona miaka yote. Kitako cha ndani si kile cha nje. Fundi fulani wa zamani alipachika kitako cha pili juu ya kile kilichooza, na mstari wa risasi ya kulehemu unazunguka pembeni, umefifia lakini upo. Kibaba kilipokarabatiwa hivyo, ndani kikawa kifupi. Tumefundishwa kuwa haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aliyetufundisha kutazama kitako.

Basi nikakumbuka ukufi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipima? Unajaza, unafuta kwa ukingo wa kiganja, kisha unachota ukufi mmoja wa mchele, ujazo wa kiganja, na kuumwaga juu. Kila kibaba, kwa kila mtu, hata kwa yule bibi aliyekuwa akikusengenya. Mjomba Hamisi alikuwa analalamika kwamba babu hamruhusu yeye kuchota, ni wewe tu, na kwamba babu anakupendelea. Nami nilidhani ule ni ukarimu wako. Nilipoanza kupima msikitini, Mwalimu aliniambia haki ni mfuto, wote sawa, nikanunua rula. Ukufi nikauacha, nikasema moyoni huo ni moyo wa mama, si sheria.

Hili ndilo kosa, mama, na ni langu. Nalisema wazi ili Asha alisome kwa sauti. Babu alijua kibaba kimepungua. Hakukitupa, labda hakuwa na kingine, au alikipenda tu. Akakijazia kwa mkono wako. Mimi nikaja na rula nikaufuta mkono wako, na kwa miaka mitatu nikawapunja masikini huku nikijisifu. Mchele wa fidia nimekwisha kuupeleka kwa imamu, kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Niliyasema haya yote palepale uani. Kisha nikajaza tena kibaba mara nne, na kila mara nikaongeza ukufi. Mizani ikafika kilo mbili na gramu mia sita. Wanawake wakapiga vigelegele! Papa Ilunga akapiga makofi utadhani ni msikiti wake. Nilifikiri yamekwisha.

Mwalimu hakupiga makofi. Si mtu mbaya, mama, ni mtu anayetaka hesabu ifungwe. Akaniuliza kwa upole, "Papa Rajabu, ile ukufi iko ya nani?"

"Ni yangu."

"Mukono yako iko mukono ya soudeur, ya fundi ya vyuma. Maman Salima, kuya weye."

Mama Salima akaja, akachota kwa kale kamkono kake. Mara nne. Kilo mbili na gramu mia nne na kidogo. Kwangu inazidi, kwake inapungua. Mwalimu akafungua mikono yake tu. "Njo ile minasema. Mukono ya nani?"

Mama Salima mwenyewe alikubali, akasema baadaye kwamba hiyo ni mara yake ya kwanza kushindwa tangu aolewe. Imamu akaamua: zaka ya mwaka huu tutaikusanya kwa kilo, na sokoni kila mtu aendelee na meka yake na kilima chake. Kuhusu kibaba, akasema marehemu hasemwi kwa dhana, asiye na ushahidi afunge mdomo. Yule mfanyabiashara alikuwepo, lakini inaonekana alitoka kabla ya mwisho, au masikio yake yalitoka mapema.

Juu ya kilo, mama, nikuambie ukweli usikasirike. Mwalimu ana haki. Kipimo kinachohitaji mkono wa mtu mmoja kitafanya nini siku mtu huyo akihama? Mimi mwenyewe sikati chuma bila mita, ningekuwa nakata kwa shubiri milango yote ya Lubumbashi ingekwaruza sakafu. Kilo ije, nimeikubali. Lakini siwezi kukubali babu aitwe mwizi, wala siwezi kumtetea kwa kelele tu. Sasa kibaba kipo jikoni kwetu. Zaina anapimia mchele wa chakula, na Mwajuma amepewa kazi ya ukufi. Anachota, anatazama mkono wake, anauliza, "Umetosha?" Nami sijui la kumjibu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Shabani akifika, Asha akuwekee beseni la mchele mbele yako. Chota ukufi wako, kama ulivyokuwa ukichota dukani, mara nne. Ufungeni katika kitambaa, Shabani anirudishie. Mimi nitajaza kibaba mbele ya wale wale, kwenye mizani ile ile ya samaki, na nitaumwaga wa kwako juu. Usiuongeze kwa ajili ya babu. Nakujua. Ukitosha nitawaambia. Ukipungua pia nitawaambia, na bado nitakuwa mtoto wako na mjukuu wake.

Msalimie mjomba Hamisi, umwambie sasa tunajua kwa nini alinyimwa kuchota: mikono yake kama makasia. Msalimie mke wake anayetuombea dua. Salamu kwa bibi wa jirani mwenye kuku, mwambie asikate tamaa na wewe. Salamu kwa wajukuu wote wanaosikiliza, waache kusukumana.

Nawe dada Asha, msomaji wetu, pokea shukrani, halafu nisikilize. Mama akichota, usimshike mkono, hata ukimwona anatetemeka. Punje zikianguka mkekani, ziokote zote uzifunge humohumo. Nazo zilikuwa mkononi mwake.

Mwanao anayekupenda na anayeomba radhi,
Rajabu