Soli za Viatu vya Baba Yako

Kibanda cha Fundi Viatu,
Nyuma ya Posta ya Zamani.
Jumanne, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa binti yangu Gundi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa baba yako mdogo. Natumaini u mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Huko kwenye baridi usitoke kichwa wazi. Nawajua watu wa ukoo wetu, wote tunadhani mafua ni ya wengine. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma humu.

Bado nakuita Gundi ingawa una miaka ishirini na saba na una meza yako ofisini. Baba yako alikupa jina hilo hapa hapa kibandani, siku alipojaribu kukuweka chini ukang'ang'ania shingo yake mpaka akaondoka na wewe bila kupimwa viatu. Nilimwambia afadhali gundi yangu, ukiipasha moto inaachia.

Barua yako ilinifikia Alhamisi na nimeisoma mara nne. Unasema umepata wenzako wanaovua kwa fimbo kwenye mawe ya ufukweni kila Jumamosi, na unataka kuanza na wewe, kwa sababu tangu baba yako atutoke hujapata mahali pa kumlilia. Hukuweza kuja kumzika, makaratasi yako ya kuishi huko yalikuwa bado mikononi mwa watu wa uhamiaji. Ukaniomba nikuandikie vifaa vya kununua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea ndoo. Nitakuandikia. Na lile swali lako la mwisho, la viatu, nitalijibu pia, ila niache nifike kwa mwendo wangu.

Fimbo kwanza. Usikubali kuuziwa ndefu kupita kiasi. Baba yako alipostaafu kusoma mita za maji, mwenye duka la uvuvi alimpa fimbo ndefu kama mlingoti wa bendera, naye akaichukua kwa kuona haya kusema inamshinda. Alirudi bega limevimba, akasema ni mazoezi. Wewe chukua ya futi kumi, ishike dukani kwa dakika tano mkono ukiwa umenyooka, na muuzaji akikushangaa mwache ashangae.

Kigurudumu cha kukunjia mshipi kiwe cha kustahimili chumvi, na kila ukirudi nyumbani kioshe kwa maji baridi, kisha ukikaushe kwa kitambaa. Hapo baba yako hakuwa na mzaha. Alikiosha hata kabla ya kuwasalimu watu wa nyumbani, na mama yako alikuwa akisema angependa angalau kuwa wa pili.

Ndoano nunua ndogo na za kati, kubwa ni za kuwaonyesha wageni. Risasi za kuzamishia usinunue nyingi, kwenye mawe utazipoteza zote. Tulikuwa tunatumia nati kuukuu kutoka kwa fundi baiskeli, tunazifunga kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Nati ikinasa kwenye jiwe, uzi unakatika, unapoteza nati na kubaki na samaki. Hiyo akili ilikuwa yake, na aliionea fahari kama aliyegundua umeme.

Usisahau koleo la kutolea ndoano, wavu mdogo wenye mpini mrefu ili usiinamie maji, filimbi shingoni, na begi la mgongoni ili mikono yako yote miwili iwe huru unapotembea juu ya mawe. Na jaketi la kujiokolea. La baba yako lilining'inia kwenye msumari miaka miwili kwa sababu alisema linamfanya aonekane kama godoro. Wewe vaa, onekana godoro.

Nimefika kwenye viatu.

Unasema una raba zako imara, umempata fundi karibu na unapoishi, na unataka nikwambie ni soli gani niliyoweka kwenye viatu vya baba yako ili naye aweke hiyo hiyo. Unasema alikusifia soli hizo kwenye simu. Ningeweza kukujibu kwamba nimesahau. Nimekaa na kalamu hii siku tatu nikitafuta namna ya kuandika kwamba nimesahau. Lakini wewe ungekwenda kukanyaga mwamba, Gundi, na mimi ningekuwa nimekaa hapa najua.

Usimwambie aweke soli ile. Ndiyo iliyomuua baba yako.

Alikuja hapa mwezi wa tatu na viatu alivyonunua kwenye lile duka la uvuvi. Soli zake zilikuwa za kitambaa kinene kilichoshindiliwa, na baada ya miezi mitano tu zilikuwa zimelika mpaka unaona soksi. Nilicheka sana. Nikamwambia, kaka, umeuziwa blanketi. Unajua ninavyojisikia na kazi yangu. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kigoda hiki, na hakuna aliyewahi kurudisha kiatu akisema soli imebanduka.

Nilikuwa na kipande cha mkanda wa mashine kutoka kiwanda kilichofungwa, mpira mgumu unaovunja visu. Nilikuwa nimekiweka miaka, nikimsubiri mtu anayekistahili. Nikakikata kwa ajili yake. Nikabandika, nikashona mistari miwili, kisha nikapiga msasa mpaka soli zikawa kama kioo, unaweza kujitazama. Hakuna aliyeniomba nizing'arishe. Nilifanya kwa sababu vilikuwa vya kaka yangu.

Akavivaa, akapiga miguu chini mara tatu kwenye saruji ya kibanda, akasema safi. Nami nikamwambia, "Hivi vitakuzika, kaka." Akacheka, na kinyozi wa kibanda cha pili, aliyekuwa ameingia kupiga soga, akacheka. Ndivyo tunavyosema sisi mafundi, kila mteja nimemwambia hivyo. Tulikuwa watu wazima watatu mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyemwaga maji sakafuni ajaribu.

Jumamosi tano za mwanzo bahari ilikuwa chafu, akawa anavulia mchangani, soli hazikuonyesha ubaya wowote. Ya sita maji yalikuwa yamekupwa na mwamba umetoka nje na mwani wake wa kijani. Mimi sikwenda, nilikuwa na rundo la viatu vya shule. Alikwenda na kinyozi. Anasema baba yako wala hakuwa anakimbia. Aligeuka kuchukua chambo, miguu yote miwili ikaenda mbele kwa pamoja, akaanguka kwa kisogo.

Sisi tulikwambia aliteleza. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na hiyo nusu nyingine nimelala nayo miezi mitatu.

Siku ya pili hospitalini alizinduka kidogo. Mama yako alikuwa ametoka kutafuta daktari, tulikuwa wawili tu. Viatu vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Akaniita kwa kidole, nikainama. Akasema, "Soli zako zinateleza, mdogo wangu. Usimwambie mtoto. Mwambie niliteleza tu." Nikamwahidi. Hakukasirika, binti yangu, na ingekuwa heri angekasirika. Alikuwa anakata roho na bado ananifunika mimi, kama alivyonifunika utotoni nilipovunja kioo cha jirani akasema ni yeye. Mchana ule ule akaondoka.

Kwa hiyo ujue kwamba nikikuandikia haya navunja neno la mwisho nililompa kaka yangu. Nimelipima kila upande. Nadhani angekuwepo akasoma barua yako na habari za huyo fundi wako, yeye mwenyewe angenipora kalamu aandike.

Wiki moja baada ya mazishi nilivichukua vile viatu nikaenda navyo mpaka kwenye mwamba. Sikuvivaa. Nilitia mkono ndani ya kiatu kimoja, nikakisukuma juu ya jiwe bichi. Kilikwenda kama sabuni. Nikageuza soli nikaitazama, na ilikuwa bado mpya, haijalika hata ukingoni, uzi haujalegea hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa safi kabisa. Nililia pale mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa anaokota makome akanijia kuuliza nimepoteza nini.

Mama yako nilimwambia Jumapili iliyopita, sikutaka ayasikie kutoka kwako. Alinisikiliza hadi mwisho, akasimama, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilikaa barazani kama saa nzima, kisha nikaondoka. Jana na leo hajapita hapa kibandani, na alikuwa akipita kila siku akitoka sokoni. Simlaumu. Mpigie simu, ana haja ya kusikia sauti yako kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Sasa nisikilize kama mtoto anavyomsikiliza mkubwa wake, hata kama ndiyo mara ya mwisho. Nenda kwenye duka la uvuvi ununue viatu vyenye ile soli ya kitambaa kinene niliyoicheka, au yenye vichuma vidogo vya kung'ata jiwe. Kabla hujalipa, omba beseni la maji na jiwe, ulowanishe soli uisukume kwa nguvu zako zote. Wakikuona una kichaa sawa. Soli hizo zitakwisha upesi, na ziache ziishe, maana ulaini ule ndio unaoshika. Zikilika, tupa viatu ununue vingine. Usimpelekee fundi, hata kama fundi huyo ni ndugu wa baba yako tumbo moja.

Uliomba pia nikutumie viatu vyenyewe uviweke kwako kama kumbukumbu. Sitavituma, nisamehe kwa hilo. Nitakutumia kofia yake na kile kisanduku cha ndoano, bado kina mwandiko wake kwenye kifuniko.

Mimi kazi nimeisimamisha. Wateja nawaambia macho yananisumbua, nao wanaona nina miwani mipya wanaamini.

Shangazi yako mshonaji anakusalimu sana, anauliza lile koti lilikutosha mabegani. Mdogo wako muuguzi anakusalimu, amehamishiwa zamu ya asubuhi na sasa anaonekana binadamu. Kinyozi naye anakusalimu, ila ameniomba nisiandike zaidi ya hapo. Nisalimie hao wenzako wa Jumamosi, na uwaambie wasikuache utangulie peke yako juu ya mawe.

Mungu akushike mkono kila unapokanyaga, akurudishe mzima kila unapotoka. Sikuombi msamaha kwa barua, karatasi haitoshi. Ukitaka kuniandikia, anwani haijabadilika. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kwa muda unaouhitaji, nami sitamwuliza mtu kwa nini.

Nikupendaye, utake usitake,
Baba yako mdogo.

Nimesahau: ulipoondoka mguu wako ulikuwa namba thelathini na nane. Chukua thelathini na tisa, utavaa soksi nene.