Mke Asiyekutwa Tanambao

Mahajanga, Jumatatu

Wamemkataa tena dada yangu Zaina. Mumewe ni askari, yuko Nosy Be, na zahanati ya jeshi hapa hutibu wake na watoto wa askari. Lakini bibi wa ofisi ya jeshi ya familia alikwenda mtaa wa Tanambao kwa mama wa askari huyo, asimkute Zaina. Akaandika kwamba wameachana.

Mimi ni mwandishi; nilimweleza kwa Kifaransa kuwa kwetu Wakomoro mume ndiye anayehamia kwa mke. Zaina anaishi nyumbani kwake, mtaa wa Mahabibo.

"Mwanamume gani huyo, bwana mwandishi?" Akacheka. "Nikimkuta mke kwa mumewe, nitasaini."

Mtoto wa Zaina ana homa, hanyonyi. Vidonge vya hospitali ya mji anavitapika, na sindano zimebaki zahanati ya jeshi tu.

Jioni Zaina alifunga nyumba aliyojengewa na baba yetu, akambeba mtoto hadi Tanambao. Mama mkwe alimpokea mlangoni. "Ingia, mwanangu. Kama wanataka nikuibe kwenu, basi nimekuiba."

Bibi yule hupita kukagua nyumba Alhamisi, si kabla. Nimeomba, nimegomba, nimeshindwa.

Nilimgusa mtoto kabla ya kuondoka. Sidhani kama bibi yule atamkuta hai Alhamisi.