Nilinyoosha Mkono Bila Kusikia

Jumatatu, 1 Juni 1992
Nimeamka na mluzi uleule, sikio la kulia. La kushoto kimya. Nimepalilia bamia, nimekunywa chai. Mama Zuhura anasema jirani amelalamika: bintiye aliniamkia shikamoo mara mbili, sikuitikia. Eti nina maringo. Nimemwambia mke wangu nilikuwa na mawazo. Uongo. Sikumsikia mtoto.

Jumatano, 3 Juni
Kila mtu anazungumzia vyama vingi. Kwangu redio ni ngurumo tu. Wakitikisa kichwa, natikisa. Miaka kumi na tatu sasa, tangu bomu lilipotua kando ya handaki letu vitani, ng'ambo ya Kagera. Nilitoka damu masikioni. Wakaniambia nitapona.
Kesho baraza la usuluhishi. Ng'ombe wamekula mpunga wa Mzee Salumu.

Alhamisi, 4 Juni
Aliyeshitakiwa ni Masanja, mfugaji aliyehamia hapa na familia yake kutoka Shinyanga. Anaongea ameinamisha uso. Sikupata neno. Shahidi wake, Bibi Mwanaidi, alijitanda khanga mpaka mdomoni. Sikupata hata moja.
Wajumbe tuko watano. Mwenyekiti akauliza nani anaona Masanja ana hatia. Wawili wakanyoosha mkono. Wawili hawakunyoosha. Wote wakanigeukia.
Nikanyoosha.
Masanja amepewa siku saba ahame na mifugo yake.

Ijumaa, 5 Juni
Mama Zuhura alikuwepo barazani, upande wa wanawake. Leo amenisogelea sikio la kulia na kupaza sauti.
"Bibi Mwanaidi amesema wale ng'ombe aliwaona kwa macho yake. Si wa Masanja! Baba Zuhura, wewe ulisikia nini?"
Nimemwambia. Mara ya kwanza kumwambia mtu. Alijua siku nyingi kwamba nasikia kwa shida. Hakujua ni kiasi hiki. Amelia. Mimi nimeshindwa hata kulia.

Jumamosi, 6 Juni
Nimekwenda kwa mwenyekiti. Nimekiri sikusikia ushahidi. Alicheka, akadhani natania. Halafu akakasirika. Akachukua karatasi, akaniandikia: SHAURI LIMEKWISHA. Chini yake akaongeza: ukilitangaza hili, watu watafufua kila shauri ulilokaa.
Nimekaa mashauri mengi. Sijui ni mangapi niliyoyasikia.

Jumanne, 9 Juni
Nimepanda basi mpaka Mikumi, hospitali. Malori ya barabara kuu nayasikia kwa nyayo. Daktari, kijana mpole, aligonga chuma chenye ncha mbili, akakiweka nyuma ya sikio. Kushoto hakuna kitu. Kulia kidogo sana. Akaongea polepole, ananitazama usoni. Mishipa imekufa. Dawa hakuna. Labda kifaa cha kuvaa sikioni, kikipatikana Dar es Salaam. Hakuahidi.
Akauliza kama nina cheti chochote cha jeshi. Sina. Sisi mgambo tulishushwa kwenye lori pale Kilosa, kila mtu akashika njia ya kwao.
Nimerudi nimechoka. Nilitaka aniambie kosa si langu. Hakuniambia, na sikumuuliza.

Alhamisi, 11 Juni
Nimemkuta Masanja asubuhi. Ng'ombe wako nje ya zizi, mkewe anafunga vyungu kwenye baiskeli. Nimesema yote, nimesimama wima kama mbele ya afande. Kwamba mimi ni kiziwi. Kwamba mkono uliomfukuza ni wangu.
Akaongea kwa muda mrefu, uso ameinamisha, fimbo inachora mchanga. Nilimwomba arudie kwa sauti. Akarudia. Sikuambulia kitu. Mkewe akageuka, akanitazama, naye akasema neno moja.
Sijui walinisamehe au walinilaani.
Wameondoka. Vumbi lilielekea Lumuma.

Jumapili, 14 Juni
Nimejitoa barazani. Barua ya mistari miwili.
Mama Zuhura ameniuliza, mdomo karibu na sikio, Masanja alijibu nini. Nimemwambia sijui. Amesogeza ungo katikati yetu, tukachambua mchele mpaka ukaisha.